Kiasi cha Kosa: Seva za Kilosa na Mikumi Zinapopoteza Majira

Seva ikikosea kwa saa tatu kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua, saa yake ni nzima. Kilichoharibika ni maelezo ya mahali ilipo. Ikikosea kwa sekunde mbili leo, nne kesho na sita keshokutwa, maana yake haisikii chanzo chochote na imebaki kujihesabia yenyewe. Ikiwaka asubuhi baada ya umeme kurudi na kudai kwamba tuko miaka kumi nyuma, tafuta betri ndogo ya mviringo kwenye bodi kuu. Makosa mengi ya kompyuta huja na ujumbe usioeleweka, lakini kosa la saa huja na namba, na mara nyingi namba hiyo inatosha kumtaja mkosaji kabla hujafungua faili lolote la mipangilio. Ajabu ni kwamba jambo la kwanza wanalofanya mafundi wengi ni kurekebisha saa kwa mkono. Wanafuta ushahidi, wanaondoka, na wiki inayofuata wanapigiwa simu tena.

Wilaya ya Kilosa, Mikumi ikiwa ndani yake, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili, kwa sababu watu wengi wanaohitaji saa sahihi wamekutana pale bila kujuana. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita Kilosa mjini. Reli ya kisasa ya umeme, ambayo Julai 2024 ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, ina kituo chake wilayani humo na imetoboa mahandaki katika milima yake. Barabara kuu ya Iringa, Mbeya na Zambia inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50. Ukishuka kusini kutoka Mikumi unafika Kidatu, kwenye mitambo ya umeme ya megawati 204 inayozungushwa na maji ya Ruaha Mkuu. Katikati ya hayo yote kuna ofisi za kawaida: halmashauri na mashine zake za kukusanyia ushuru, hospitali zenye mifumo ya kusajili wagonjwa, maduka yenye mashine za risiti za TRA, na lango la hifadhi ambako kiingilio huhesabiwa kwa saa 24. Kila mmoja ana saa yake, na kila mmoja anaihitaji kwa kiwango chake.

Watu wa reli walilipia kosa la saa kwa damu mapema. Mwaka 1840 kampuni ya Great Western Railway ya Uingereza iliamua treni zake zote zifuate saa ya London badala ya saa ya kila mji. Aprili 1891, huko Kipton katika jimbo la Ohio, Marekani, treni mbili ziligongana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba saa ya mmoja wa madereva ilikuwa imesimama kwa dakika nne kisha ikaendelea kutembea. Hapo ndipo penye hatari. Saa iliyosimama moja kwa moja ingemshtua mwenyewe mara tu anapoitoa mfukoni. Ile ya Kipton ilikuwa inapiga tiki kama kawaida, imechelewa tu, na dereva hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Seva nyingi zenye matatizo ya saa ziko katika hali hiyo hiyo. Zinafanya kazi, zinaandika kumbukumbu, zinatoa risiti, na zinadanganya kwa ujasiri.

Ndani ya karibu kila kompyuta kuna kipande cha fuwele ya kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ndicho kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Fuwele ya aina hiyo hutengenezwa iwe sahihi kwenye joto la nyuzi 25, na inapotoka hapo, iwe kwenye baridi au kwenye joto, hupungua mwendo. Chumba cha seva chenye kiyoyozi hakina shida kubwa. Lakini seva nyingi za wilayani zinakaa kwenye kabati la mbao, nyuma ya dawati la masijala, chini ya bati, na ndani ya kabati hilo saa nane mchana nyuzi 40 si jambo la kushangaza. Kwenye nyuzi 40 fuwele hiyo hupoteza karibu sehemu 8 katika kila milioni, yaani zaidi ya nusu sekunde kwa siku, juu ya kosa lililotoka nalo kiwandani. Ukiongeza hilo la kiwandani, ambalo laweza kufika sehemu 20 katika milioni, unakaribia sekunde mbili na nusu kwa siku, na kwa mwezi ni zaidi ya dakika moja. Hakuna aliyekosea. Ndivyo kwazi ilivyo.

Dawa yake ilibuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware. Itifaki yake ya kusawazisha saa kupitia mtandao, NTP, ilichapishwa rasmi mwaka 1985, na toleo la nne linalotumika hadi leo likatoka mwaka 2010. Mills alifariki Januari 2024. Kazi yake inaeleweka kwa namba nne. Seva yako inaandika saa inayotuma swali. Chanzo kinaandika saa kilipopokea swali hilo na saa kinapojibu. Seva yako inaandika saa jibu lilipofika. Kutokana na namba hizo inapata urefu wa safari nzima na tofauti kati ya saa mbili. Vyanzo vimepangwa kwa matabaka: saa za atomiki na setilaiti ziko tabaka 0, mashine iliyounganishwa nazo moja kwa moja iko tabaka 1, inayoisikiliza hiyo ni tabaka 2, na kuendelea hadi 15. Tabaka 16 maana yake mashine haijasawazishwa na chochote, na fundi akiiona namba hiyo hana haja ya kutafuta makosa madogo madogo.

Hesabu ya Mills ina dhana moja iliyojificha: kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Mashine inagawa safari katikati na kuamini kwamba nusu ilikuwa ya kwenda na nusu ya kurudi. Dar es Salaam, seva ikiuliza jirani yake kwa kebo, dhana hiyo haidhuru. Mikumi mambo hubadilika. Tuseme ofisi inatumia modemu ya simu, swali linakwenda kwa milisekunde 40, na jibu linarudi kwa milisekunde 340 kwa sababu kuna mtu anashusha video kwenye laini hiyo hiyo. Safari nzima ni milisekunde 380. NTP itaigawa 190 kwa 190, na saa itakosea kwa milisekunde 150 bila onyo lolote. Ubaya wa kosa hili ni kwamba seva haiwezi kuliona kutoka ndani, kwa kuwa namba zake zote nne zinakubaliana.

Linaonekana kwa umbo lake katika siku. Kosa linaloanza kupanda saa mbili asubuhi, likafika kileleni kabla ya chakula cha mchana, kisha likatulia jioni ofisi zikifungwa, ni kosa lenye ratiba ya kazi. Mtuhumiwa ni laini iliyojaa. Kosa linalofuata joto la mchana bila kujali kama ni Jumapili au Jumatatu ni la fuwele. Programu ya chrony, ambayo sasa ndiyo ya kawaida kwenye Linux nyingi za seva, huandika historia hii kama ukiiamuru. Fundi mwenye faili la wiki moja la historia hiyo ana silaha kuliko fundi mwenye ujuzi wa miaka kumi na hana faili.

Nitakaa kidogo kwenye skrini, maana hapo ndipo kesi nyingi huisha. Ukiandika `chronyc sources` unapata mstari mmoja kwa kila chanzo. Mwanzoni kuna alama mbili: `^*` ni chanzo kilichochaguliwa, `^+` ni kinachokubalika, `^x` ni kile ambacho wenzake wamekikataa kuwa kinasema uongo, na `^?` ni kisichofikika au kisichotosha kuaminiwa. Mbele kidogo kuna safu inayoitwa Reach, na humo, mambo yakiwa mazuri, utaona 377. Mafundi wapya huidhani ni milisekunde. Ni namba ya msingi wa nane, na kazi yake ni kama ya daftari la mahudhurio la mara nane za mwisho: 377 ni mahudhurio kamili, 0 ni utoro mtupu. Ukikuta 376, jibu moja tu la mwisho halijafika. Ukikuta 17, ndiyo kwanza mawasiliano yamerudi na majibu manne yameingia mfululizo. Ukikuta 252, jibu linafika mara moja na kupotea mara moja kwa zamu, jambo ambalo si la kawaida na linastahili kuulizwa kwa mtoa huduma. Wenye Windows watumie `w32tm /query /status`, na wenye programu ya zamani `ntpq -p`. Maelezo ni yale yale kwa sura nyingine.

Reach ikiwa 0 kwa vyanzo vyote, usiguse saa. Swali sasa ni la njia. NTP hupita kwenye poti namba 123 ya UDP, na poti hiyo ilichafuliwa jina. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 wahalifu walitumia seva za NTP zilizoachwa wazi kukuza mashambulizi: swali dogo lenye anwani ya uongo lilizaa jibu kubwa lililomwangukia mtu mwingine. Wasimamizi wengi wa mitandao waliitikia kwa kufunga poti 123 yote, pamoja na majibu halali, na kufuli hizo nyingi zimebaki hadi leo kwenye ruta ambazo hakuna anayekumbuka neno lake la siri. Kwenye laini za simu kuna sababu nyingine. Wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja ya pamoja, na chanzo cha nje kikiona anwani moja inauliza mara mia huituhumu kwa kusumbua na kuacha kuijibu. Jaribio la kutofautisha ni rahisi: tazama pakiti kwa `tcpdump`. Zikitoka na hakuna kinachorudi, tatizo liko nje ya seva. Zisipotoka kabisa, liko mikononi mwako.

Wilaya hii inajua maana ya njia kukatika. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, mto Mkondoa ulipofurika, yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe na kusimamisha treni kwa miezi. Kebo hufuata njia zile zile za barabara na reli, na maji hayabagui. Wala si lazima yaliyokatika yawe ya hapa. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikadorora nchi nzima. Seva zilizokuwa zinasikiliza vyanzo vya Ulaya pekee zingeweza kupoteza majira bila kukosa hata dakika moja ya umeme. Kuna kundi la vyanzo vya hiari duniani, pool.ntp.org, lililoanzishwa mwaka 2003, na lina mlango wa Tanzania kwa jina la tz.pool.ntp.org. Kuutumia ni bora kuliko kuuliza Frankfurt. Lakini bado ni njia ya nje, na mtu anayeandika anwani hiyo moja kwenye mipangilio na kufunga faili hajamaliza kazi.

Sasa turudi kwenye betri, kwa sababu hapa ndipo kuna mtego ulio mgumu kuliko yote. Ile betri ya mviringo, CR2032 ya volti 3, huishi miaka kadhaa ikiwa umeme haukatiki sana. Umeme ukikatika mara kwa mara, ndiyo inayobeba saa kila mara, na hufa mapema. Siku ikifa, seva inawaka ikiwa na tarehe ya kiwandani. Programu ya NTP ya zamani, ntpd, ina kanuni ya kujihami: tofauti ikizidi sekunde 1,000, karibu dakika 17, inaona kuna jambo baya na inajizima. Kwa hiyo ile programu unayoitegemea irekebishe saa ndiyo ya kwanza kujiondoa. Wakati huo huo vyeti vya usalama vya tovuti, ambavyo vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, vinaonekana havijaanza kutumika, na kila kiunganishi salama kinakataa. Majina ya mtandao yaliyotiwa saini hayathibitiki. Ikiwa chanzo chako cha saa kinahitaji kutafutwa kwa jina, na jina linahitaji saa sahihi ili lithibitike, seva imefungiwa nje na ufunguo uko ndani. Hata NTS, ulinzi mpya wa NTP uliochapishwa mwaka 2020, unategemea vyeti na hivyo unaweza kuingia kwenye fundo hilo hilo.

Fundo hilo hufunguliwa kabla ya siku ya tukio. Weka chanzo kimoja kwa anwani ya namba, si jina, na kiwe ndani ya jengo. Iruhusu programu iruke kiasi chochote inapowaka tu. Kwenye chrony mstari `makestep 1.0 3` unasema iruke ikiwa tofauti inazidi sekunde moja, katika masahihisho matatu ya mwanzo, na baada ya hapo isogeze taratibu. Na badilisha betri kwa kalenda, usisubiri kifo chake. Kwa bodi ndogo za Raspberry Pi ambazo watu wengi wanazitumia kama seva za bei nafuu, matoleo mengi hayana kabisa saa ya betri; yakizimika, hukumbuka tu saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi. Ofisi ikilala bila umeme kwa saa kumi, bodi huamka ikiwa imechelewa kwa saa kumi.

Kwa nini kuruka kuruhusiwe mwanzoni tu? Kwa sababu muda ukirudi nyuma katikati ya kazi, mambo ya ajabu hutokea. Risiti namba 501 inakuwa na saa ya mapema kuliko namba 500. Kazi ya kuhifadhi nakala iliyopangwa saa saba usiku inafanyika mara mbili, au haifanyiki. Hifadhidata inaona rekodi zilizotoka siku za usoni. Ndiyo maana ntpd, ikizuiwa isiruke, husogeza saa kwa kasi isiyozidi sehemu 500 katika milioni. Kwa kasi hiyo sekunde moja huchukua dakika 33, na dakika moja huchukua zaidi ya saa 33. Mkuu wa kitengo anayeuliza mbona mmeirekebisha na bado imekosea anastahili kupewa hesabu hiyo kwa upole.

Kuna aina ya kosa ambalo halitoki kwenye mashine kabisa. Mhudumu wa mapokezi Kilosa anapiga simu: mfumo uligoma saa nane. Skrini yake inaonyesha 14:00. Kumbukumbu za seva, zinazotunzwa kwa saa ya dunia ya UTC kama inavyotakiwa, zinaonyesha 11:00. Zote tatu ni sahihi. Fundi aliye Dar es Salaam, akiwa na haraka, anaona 11:00, anaona tofauti ya saa tatu, na anaisogeza saa mbele. Sasa seva imekosea kweli. Kwa hiyo tofauti ya saa 3 kamili ni ya ukanda wa majira. Kwa kawaida mtu amechanganya UTC na saa ya Afrika Mashariki, au mashine moja ina Windows na Linux, ambapo mmoja huiandika saa ya betri kwa majira ya mahali na mwingine huisoma kama UTC. Tofauti ya saa 6 kamili ni ya binadamu: mtu ameandika saa mbili asubuhi kama 02:00. Mfumo wa hospitali uliojaa kina mama waliojifungua usiku wa manane kuliko ilivyo kawaida unahitaji fomu bora, hauhitaji NTP. Na kosa linalobadilika lenyewe mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba linaonyesha kwamba seva imewekewa ukanda wa Ulaya, ambako saa husogezwa kwa misimu. Sisi hatuna mchezo huo. Kwenye Windows usitafute Dar es Salaam, hutaiona, chagua Nairobi.

Seva nyingi sasa ni za kufikirika, yaani mashine moja ya chuma, mwenyeji, inabeba seva kadhaa, wageni, ndani yake. Hapo hakikisha ni mmoja tu anayeshika usukani wa saa. Mwenyeji akiwa anairekebisha saa ya mgeni, na mgeni naye anajirekebisha kwa NTP, watavutana, na utaona saa ikienda mbele na kurudi kila dakika chache. Kosa lenye mdundo wa namna hiyo ni ugomvi wa mabwana wawili.

Basi usahihi kiasi gani unatosha? Hapa ndipo mijadala mingi hupotea, kwa sababu watu hutaka usahihi mmoja kwa wote. Lango la Mikumi linalohesabu saa 24 za mgeni linatosheka na dakika. Namba za siri za mara moja zinazobadilika kila sekunde 30 zinahitaji sekunde. Mifumo ya kuingia ofisini inayotumia Kerberos, ikiwemo ya Windows, kwa kawaida huvumilia hadi dakika 5, na ndiyo maana siku saa ikipotea kwa dakika sita watumishi wote wanaambiwa neno lao la siri si sahihi, wanalibadilisha, na bado haliingii. Kumbukumbu za seva kadhaa zinazochunguzwa pamoja zinahitaji milisekunde, la sivyo utaona jibu kabla ya swali. Gridi ya umeme iko mbali zaidi. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde moja ni nyuzi 18 za mzunguko. Vipimo vya kulinganisha Kidatu na kituo kingine cha mbali kwa wakati mmoja huhitaji mikrosekunde, na NTP ya kwenye intaneti haifiki huko. Minara ya simu ya kizazi cha tano inayopokezana kusikiliza na kusema kwenye masafa yale yale inatakiwa isitofautiane na saa ya rejea kwa zaidi ya mikrosekunde moja na nusu.

Watafiti wa wanyama wamepata njia ya kupendeza ya kuishi bila mtandao. Kamera zinazotegwa porini hazina NTP. Saa huwekwa kwa mkono na hupotea betri zikibadilishwa. Mtafiti makini hupiga picha skrini ya simu yake, yenye saa ya GPS, mbele ya kila kamera siku ya kuitega na siku ya kuiondoa. Hairekebishi saa ya kamera. Anajua tu imekosea kwa kiasi gani mwanzoni na mwishoni, na anasahihisha rekodi nyumbani. Natamani mafundi wa seva wangeiga adabu hiyo: andika kosa kwanza, tibu baadaye.

Kuna sababu ya kisheria pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na inaitaka mahakama kuangalia uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa. Wakili hodari hatapoteza muda kubishana na kiasi cha fedha kwenye rekodi. Atauliza saa ya seva ilisawazishwa na nani siku ile, na nani anayo karatasi ya kuthibitisha. Jibu la kwamba tuliirekebisha kwa kuangalia simu ya afisa TEHAMA halitamfurahisha hakimu.

Kwa maoni yangu ofisi za mahali kama Kilosa na Mikumi zimeelekezwa vibaya pale zinapoambiwa watumie NTP ya intaneti na basi. Zinahitaji chanzo chao. Kipokezi cha GPS chenye mapigo ya sekunde, kikiunganishwa na kompyuta ndogo, kinakuwa tabaka 1 juu ya bati lenu wenyewe. Kikishajua mahali kilipo, setilaiti moja tu inatosha kukipa saa. Epuka vile vya bei rahisi vya USB visivyo na waya wa mapigo, kwa kuwa sentensi zao hufika zimechelewa kwa makumi au mamia ya milisekunde. Antena iwe na kinga ya radi. Mvua za masika hazitanii. Kisha ongeza vyanzo vya nje, angalau vitatu, kwa sababu ya hesabu rahisi ya kura. Ukiwa na chanzo kimoja hujui kama kinakosea. Ukiwa na viwili vikitofautiana, hujui mwongo ni yupi. Vitatu vinamtoa mwongo mmoja, na vinne vinakuachia nafasi kimoja kikizimika. Mwisho, zielekeze mashine zote za ofisi kwenye chanzo hicho cha ndani na ukiruhusu kiendelee kutoa saa hata kikikosa dunia nzima. Wakati wa mafuriko ni afadhali hospitali nzima ikosee kwa sekunde moja kwa pamoja kuliko maabara, duka la dawa na mapokezi kila mmoja aende kwake.

GPS nayo si malaika. Haipandi wala haishuki na sekunde za nyongeza zinazoongezwa kwenye saa ya dunia, na tangu 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Kipokezi kikishindwa kutoa tofauti hiyo utaona kosa la sekunde 18 kamili, na sasa unajua pa kutazama. Sekunde ya mwisho ya nyongeza iliingizwa mwisho wa 2016, ambayo kwetu ilikuwa Januari mosi 2017 alfajiri, kabla tu ya saa tisa, na mwaka 2022 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliamua utaratibu huo uachwe ifikapo 2035. Hesabu ya majuma ya GPS hurudi sifuri kila baada ya majuma 1,024, karibu miaka 20. Ilirudi Aprili 2019, na vifaa vya zamani viliruka nyuma kwa miongo miwili. Oktoba 2021 programu maarufu ya gpsd ilikuwa na kasoro ya hesabu hiyo ambayo, isiposahihishwa, ingewarudisha watumiaji wake Machi 2002.

Itarudi tena Novemba 2038. Mwaka huo huo, Januari 19, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 zitafika mwisho wa namba zao na kuangukia Desemba 1901. Kipokezi kinachonunuliwa leo kwa ajili ya paa la Mikumi kinaweza kabisa kuwa bado kinafanya kazi siku hizo mbili. Katika zabuni, baada ya mstari wa bei, kuna nafasi ya swali: kifaa hiki kitasema ni mwaka gani asubuhi ya Novemba 21, 2038? Muuzaji asiyeweza kulijibu kwa maandishi ampishe mwingine.